Anagombea Kuja

Nilicheka makaburini. Naandika hili mwanzoni kabisa ili nilitue, maana wapo waumini wa kanisa letu la Garland, huku Amerika, ambao hadi leo hunisalimia kwa uangalifu, kana kwamba naweza kuangua kicheko tena wakati wowote. Tulikuwa tumemaliza kumzika Koko, bibi yetu mzaa mama. Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho. Ndipo kijana mmoja mfanyakazi wa makaburi akaja na kibao kidogo chenye jina la marehemu, akatueleza kwa adabu kwamba jiwe lenyewe litachukua wiki kadhaa kuchongwa, kwa hiyo kwa sasa ataweka hiki. Kibao kilikuwa na miguu miwili ya waya. Alikishika kwa mikono miwili, akaukanyaga waya kwa soli ya kiatu, nao ukazama ardhini kwa mlio ninaoujua vizuri, mlio wa waya ukikata mizizi myembamba ya nyasi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Nikapasuka.

Mama alinigeukia kwa jicho lile linaloahidi kwamba tutaongea nyumbani. Kisha akakitazama kibao, akaitazama miguu yake ya waya, na mabega yake nayo yakaanza kutikisika. Tukashikana palepale mbele ya mchungaji, tunacheka huku machozi yanatuchuruzika. Wanakwaya walidhani uchungu umetuzidi nguvu. Ulikuwa umetuzidi kweli, ila hawakujua kinachotuchekesha, na siku ile hatukuwa na pumzi ya kuwaeleza.

Habari yenyewe inaanzia kambini, upande wa Tanzania, tulikokimbilia kutoka Kongo. Nilikuwa mdogo, na Baba simkumbuki vizuri. Vita vilimchukua Mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Tulikuwa Mama, mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na Koko. Pale ofisini kulikuwa na ubao wa matangazo, na mbele ya ubao kulikuwa na wavu wa chuma ili watu wasichane karatasi. Kwenye karatasi hizo yalibandikwa majina ya watu walioitwa kwenye mahojiano ya kwenda Amerika. Karatasi mpya zikibandikwa, kambi nzima ilihamia pale. Sentensi nzuri kuliko zote za utoto wangu ilikuwa na maneno mawili: jina limetoka. Mwanamke akiambiwa hivyo aliangusha chochote alichobeba, hata kama ni maji. Baada ya jina kutoka kulikuwa na kizingiti cha pili, mahojiano yenyewe, na waliokubaliwa tulisema wamepita. Fulani amepita. Fulani hakupita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya watu wazima, na sisi watoto tulicheza mchezo wa kupita na kutopita kama watoto wa kwingine wanavyocheza kujificha.

Koko hakujua kusoma, na hakuwaamini wasomaji. Alisema wengine wanasoma haraka kwa sababu wanatafuta majina yao tu. Kwa hiyo alimwomba Mama amfundishe umbo la jina lake, Nabintu, akalishika kama mtu anavyoishika sura ya ng'ombe wake katikati ya kundi. Herufi ya kwanza ndiyo aliyoipenda zaidi. Alinichorea vumbini kwa kidole, mara nyingi, tukiwa tumesimama kwenye jua tunangoja zamu ya kusogea karibu na wavu. Ni miti miwili imesimama, alisema, na kamba imefungwa kati yake, inashuka kutoka juu ya huu hadi chini ya ule. Miti miwili na kamba. Ukiiona hiyo, usiende mbali, angalia vizuri, pengine ni mimi.

Siku majina yetu yalipotoka, la Koko lilikuwemo. Tulipita wote wanne. Lakini kwenye vipimo vya hospitali picha ya kifua chake ilionyesha doa, akaambiwa ameze dawa kwa miezi mingi, faili lake likatenganishwa na letu. Jina lake lingelazimika kutoka upya, peke yake. Mama hakutaka kuondoka. Koko ndiye aliyemlazimisha, kwa maneno makali ambayo Mama hajawahi kunisimulia yote. Ninachojua ni kwamba Mama aliweka sahihi, na tangu siku ile akawa mtu anayenyamaza katikati ya sentensi.

Tulifika Garland mwishoni mwa kiangazi. Tulipangiwa nusu ya nyumba, nusu nyingine ilikaa tupu, na mbele yake kulikuwa na nyasi. Lazima niseme kidogo kuhusu nyasi zile. Mtaa mzima ulikuwa na nyasi mbele ya kila nyumba, na hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Hakuna aliyepanda muhogo pale, wala maharage. Watu walizimwagilia maji safi, wakazikata zilipokua, wakazitupa, wakaanza tena kuzimwagilia. Nilizitazama dirishani kwa mshangao, nikajiambia lazima zina kazi, ila bado hatujaambiwa ni kazi gani.

Kisha asubuhi moja nikapata jibu. Vibao vilikuwa vimeota.

Aliyenipeleka shule alikuwa Mama Beatrisi, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, wa kwanza katika kanisa letu kula kiapo cha uraia. Alikuwa na gari kubwa lililonuka sabuni na samaki wakavu, na alikaa kwenye usukani kama mtu aliyepewa nchi. Mwaka ule alikuwa anamsaidia mama mmoja aliyegombea kiti kwenye bodi ya shule. Sikujua kugombea ni nini. Nilikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza nimeanza kuunganisha herufi, na nilichokiona kupitia kioo cha gari ni majina. Majina tu, nyumba baada ya nyumba, mekundu, ya buluu, ya kijani, makubwa kuliko kichwa changu, yamechomekwa kwenye zile nyasi kwa miguu miwili ya waya.

Nilielewa papo hapo. Huku ndiko majina yanakotokea.

Sijui kama naweza kuwaelezea nilivyojisikia. Kule maelfu ya watu walikuwa na ubao mmoja, nyuma ya wavu, na mlinzi mwenye fimbo. Huku kila nyumba ilikuwa na ubao wake. Hapakuwa na wavu, hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na mtu anayemsukuma mwenzake. Kila nyumba ilikuwa imetoa nje jina la mtu wake inayemsubiri, ikaliacha hapo mchana kutwa, na hakuna aliyekuja kulichana. Kumbe hiyo ndiyo kazi ya nyasi. Niliduwaa hivi kwamba Mama Beatrisi aliniuliza kama nataka kutapika.

Nilipomwonyesha vibao alifurahi, akanipa kazi. Yeye anaendesha, alisema, hawezi kuhesabu na kuangalia taa. "Unihesabie ile ma-sign, mutoto. Lakini ile ya ku barabara tunaacha. Kule kila mutu anachomeka tu. Hesabu yenye iko mbele ya nyumba, sababu kule kuna mwenye nyumba alikubali."

Nikamuuliza tunahesabu ili iweje.

"Tuone watu wako na moto kwa nani," alisema. "Mwenye kuwa na mingi, njo atapita."

Ndiye atapita. Alilitamka neno lile la mwisho huku anaingia kulia, bila hata kunitazama, na kwangu kila kitu kikakaa mahali pake. Jina linatoka, linasimama kwenye nyasi za watu, watu wakilitaka kwa wingi, mwenye jina anapita. Ilikuwa sheria nzuri kuliko ile ya kambini, ambako hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini huyu apite na yule abaki.

Nikahesabu kwa bidii ambayo sikuwahi kuipa kazi ya shule. Nilichora vijiti pembeni mwa daftari, safu moja kwa kila jina, na jioni Mama Beatrisi alinukuu hesabu yangu kwenye simu kwa wenzake, kwa sauti ya mtu mwenye habari za uhakika. Jina la yule mama wa bodi ya shule lilikuwa linapanda. Mtaa uliokuwa na moja Jumatatu ulikuwa na manne Ijumaa. Aliniambia akiona mtaa hauna kibao hata kimoja moyo unamwanguka, hapo watu wamelala. Akiona jirani kaweka na jirani wa pili kaweka, anajua watu wameanza kusemezana. Kulikuwa na nyumba mbili zilizopakana, kila moja na jina lake, jina tofauti kabisa, na wenye nyumba nikawaona siku moja wamesimama mpakani, mmoja anamsaidia mwenzake kuwasha mashine ya kukata nyasi. Niliwatazama mpaka gari lilipokata kona.

Mama yeye hakuvitazama. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula, tangu alfajiri hadi saa kumi jioni, na Mama Beatrisi alipomrudisha alikaa na macho yake magotini. Nyumbani aliteremsha pazia. Aliniambia nisiyasome majina yale kwa sauti. Kule kwetu, alisema, jina likiandikwa mlangoni mwako, usiku uleule unakimbia na godoro kichwani. Mtu unayemtaka unamweka moyoni, huwatangazii wapita njia. Sikubishana naye. Nilimhurumia tu, nikaona hajaelewa nchi mpya.

Jumapili tulimpigia Koko kwa simu ya jirani yake wa kambini. Sauti yake ilikuja na kelele nyingi nyuma, akauliza tumekula nini, akauliza kama mdogo wangu anatembea. Mama alimuuliza kuhusu jina, kama alivyouliza kila Jumapili, na Koko akajibu kama alivyojibu kila Jumapili. Bado. Jina bado.

Nilikuwa nimekaa sakafuni na daftari langu, na aibu ikanishika. Bila shaka bado. Lingetokaje? Nilikuwa nimehesabu vibao vya mji mzima, na hakuna nyumba hata moja iliyomwekea Koko. Sisi wenyewe, watu wake wa damu, nyasi zetu zilikuwa tupu. Mtu akipita na kutuhesabu angesema hapa watu wamelala.

Wiki ile kulivuma dhoruba, na asubuhi nikakuta kibao kimoja kimelala kwenye mtaro mbele ya nyumba yetu. Kilikuwa cha plastiki nyeupe yenye mirija midogo ndani, na upande mmoja tu ndio ulioandikwa. Nyuma palikuwa peupe. Nilikificha chini ya kitanda siku nzima. Ilipofika Jumamosi, Mama yuko kazini na mama wa kanisani aliyemwangalia mdogo wangu amesinzia, nikakitoa, nikachukua kalamu nene nyeusi niliyoazima shuleni bila kumwambia mwalimu, nikapiga magoti. Jina nililinakili kutoka kwenye karatasi ambayo Mama aliibandika kando ya simu. Ile herufi ya kwanza sikuhitaji kuinakili. Ilikuwa imo mkononi mwangu. Miti miwili, na kamba kati yake. Nilipomaliza nilikuwa na wino hadi kwenye viwiko.

Kuchomeka kulinishinda mara mbili. Mara ya tatu nilipanda juu ya waya kwa miguu yote, nikaruka, na ukazama kwa mlio ule. NABINTU, kuelekea barabarani. Upande wa nyuma, uliotazama dirisha la jiko letu, lilibaki jina la mgombea mwenye kibao chake, mtu nisiyemjua hata leo.

Ng'ambo ya barabara mzee mmoja alikuwa amekaa kibarazani ananitazama. Tulimwita Babu wa Kofia kwa sababu hatukuwahi kukiona kichwa chake. Yeye ndiye pekee katika mtaa ule ambaye nyasi zake hazikuwa na kitu. Mama Beatrisi alishamgongea mlango, na mzee akamwambia aliacha kuwaamini wagombea wote zamani sana. Nilimpungia mkono wenye wino. Akanipungia.

Saa kumi gari la Mama Beatrisi likasimama. Nilikuwa mlangoni, nimenyooka kama askari, nasubiri kusifiwa. Mama alishuka akiwa na mfuko wake wa chakula, akapiga hatua mbili, akakiona kibao. Mfuko ulianguka. Kisha Mama mwenyewe akashuka, taratibu, mpaka magoti yake yakawa kwenye nyasi, na mikono yake ikakishika kile kibao pande zote mbili kama anamshika mtu mabega.

"Nani alipiga simu?" aliuliza. Sauti haikuwa yake. "Amekufa lini?"

Sikuelewa. Nikasimama pale na wino wangu. Nilikuja kuelewa baadaye, na nawaeleza sasa ili msiteseke kama mimi: kule kwetu jina kwenye kibao kilichochomekwa ardhini lina maana moja. Mama aliona kaburi la mama yake mbele ya nyumba, na mimi mwanawe nimesimama kando yake natabasamu.

Mama Beatrisi ndiye aliyeshuka garini mbio, na kwa mwili wake ule hakuwa mtu wa kukimbia. Akamwinua Mama, akaniuliza nimefanya nini. Nikaanza kulia, na kwenye kilio kile nikamwaga yote: kwamba hakuna aliyepiga simu, kwamba Koko ni mzima, kwamba kila mtu ana kibao isipokuwa yeye, kwamba nimehesabu mji mzima na hana hata kimoja.

"Nilitaka apite," nilisema. "Kila nyumba imesema mtu wake. Sisi hatujasema."

Mama Beatrisi alifungua mdomo acheke, halafu akaufunga. Nadhani alikumbuka ni nani aliyenifundisha sheria ile. Mama alinigeukia. Sikuwahi kumwona analia tangu uwanja wa ndege, na wala hakulia sasa, lakini uso wake ulilegea, kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani akakutana na mtu wa kumtua. Akasema alidhani ni yeye peke yake katika nyumba hii anayemhesabia Koko siku. Kisha akaingia ndani.

Nilidhani anafuata ufagio, kwa ajili yangu au kwa ajili ya kibao. Alirudi na mchi wa kutwangia sombe, kisamvu chetu. Akaushika kwa mikono miwili, akagonga ule waya upande wa kushoto, akagonga upande wa kulia, akarudi nyuma kuangalia kama kimenyooka, akagonga tena. Mama yangu, aliyekuwa anateremsha pazia, alisimama mchana kweupe mbele ya majirani akigongomea jina la mama yake ardhini. Alipomaliza alisema tu kwamba kama ni kuwekwa, basi kisimame.

Kesho yake, tukirudi kanisani, Babu wa Kofia alivuka barabara. Alimuuliza Mama Beatrisi, kwa Kiingereza cha polepole cha watu wa huku, huyu Nabintu ni nani, mbona hajasikia habari zake, anagombea kiti gani. Mama Beatrisi akamjibu, na jibu lile tunalo nyumbani hadi leo, tunalitumia kwa mtu yeyote anayechelewa.

"Hagombei kiti," alimwambia. "Anagombea kuja."

Akamweleza habari yote, kambi, kifua, faili. Mzee alisikiliza akiwa ametazama chini. Halafu akavua kofia, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara mwekundu wenye madoadoa. Aliuliza kama anaweza kupata kibao kimoja. Mama Beatrisi akasema hatuna kingine, mtoto alikitengeneza mwenyewe. Basi mzee akaenda gereji yake, akatoka na kipande cha mbao na rangi, akaketi kando ya barabara upande wetu kwenye kiti cha kukunja, akakitazama kibao changu na kunakili herufi moja moja, bila haraka, kama mtu anayeogopa kukosea jina la mgeni.

Nyasi ambazo hazikuwa na mtu zikawa na Koko. Wiki iliyofuata akina mama wawili wa kwaya, waliopanga nyumba mtaa wa pili, nao wakaweka. Asubuhi nilipita garini na daftari langu, nikachora safu mpya, na vijiti vikawa vinne. Mama Beatrisi alisema kwamba katika mitaa yetu Nabintu amemzidi bwana mmoja mwenye mabango makubwa barabarani, kwa maana yule bwana hana hata mwenye nyumba mmoja aliyemkubali. Alikuwa anatania. Mimi sikutania. Nilikuwa naona jina la mwanamke aliyelala kwenye kibanda cha matope, asiyejua Garland iko upande gani wa dunia, limesimama mbele ya nyumba ya mzee ambaye hajawahi kumwona, na mzee huyo haamini chochote isipokuwa yeye. Mpaka leo sijaona kitu kikubwa kuliko kile, na nimeona mengi tangu wakati ule.

Siku ya kura ilipita. Yule mama wa bodi ya shule, mwenye vibao vingi kuliko wote, mwenye safu ya vijiti iliyojaza kurasa mbili, alishindwa. Asubuhi yake tulipita mtaani na watu walikuwa wanang'oa majina, wanayatupa nyuma ya magari kama takataka. Nilishikwa na hofu. Mwenye vingi hakupita. Basi Koko na vinne vyake?

Nilimuuliza Mama Beatrisi. Alikuwa amekesha, macho yamevimba, na kwa mara ya kwanza alisimamisha gari kando ya njia ili aongee na mimi.

"Nilikufundisha mubaya," alisema. "Kibao hakiendi ku-vote. Kinasema tu: mu hii nyumba, kuna mutu anakutaka. Ni hiyo tu."

"Basi kinasaidia nini?"

Alisema hajui. Alisema kwamba hata hivyo, angekuwa yeye anayegombea, angependa kupita barabarani na kukiona.

Vya wengine viling'olewa, vya Koko vikabaki. Vile vya akina mama wa kwaya vilichukuliwa na mvua ya mawe. Cha Babu wa Kofia na chetu vilisimama. Mzee alipokata nyasi alikizunguka kile chake kwa mkasi ili mashine isikiguse. Sisi tukazoea kunywa chai ya asubuhi tukitazamana na mgombea wa upande wa nyuma, mpaka mdogo wangu, alipoanza kusema, akawa anamwamkia. Kila Jumapili tulipiga simu. Kila Jumapili jina bado. Mwaka ukaisha, wa pili ukaanza, na msimu wa vibao ukarudi na vibao vingine, na watu wapya mtaani wakatuuliza kama tumesahau kutoa kile cha zamani. Mama aliwajibu kwamba hapana, wetu bado anaendelea.

Jina lilitoka siku ya katikati ya wiki. Mama alipokea simu akiwa kazini, na wanasema aliangusha trei nzima ya viazi.

Koko alifika kabla ya baridi. Uwanja wa ndege nilimkuta mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake, hataki mtu amsaidie kuubeba. Garini alitazama barabara zile pana, daraja juu ya daraja, kwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kwamba kuna kosa, arudi. Mama alimshika mkono njia nzima. Mama Beatrisi aliendesha polepole kuliko siku zote, na alipokata kona ya mwisho alipunguza zaidi, bila kuambiwa.

Koko akaketi wima. Akapiga kioo kwa kiganja.

Hakungoja gari lisimame vizuri. Alishuka na mfuko wake, akatembea moja kwa moja kwenye nyasi, mpaka mbele ya kibao changu. Wino ulikuwa umepauka, ukawa rangi ya chai, lakini ulisomeka. Alinyoosha mkono, akauzuia hewani, na nikajua anatafuta wavu. Hapakuwa na wavu. Basi akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akaifuata, mti, kamba, mti. Akaziendea zile nyingine zote hadi mwisho. Kisha akageuka akaangalia ng'ambo, kwa Babu wa Kofia, aliyekuwa amesimama kibarazani na kofia mkononi, akakiona na kile cha pili. Alikitazama, akarudi kukitazama changu, akakunja uso.

Aliuliza nani aliliandika. Mama akanisukuma mbele.

Koko aliniinamia, akanishika kidevu kwa mkono uleule uliokuwa juu ya jina lake. Miaka miwili tulipita mbele ya herufi ile. Mama alikuwa anajua kusoma, Mama Beatrisi alikuwa na uraia, mzee alikuwa amezaliwa humuhumu akainakili vilevile jinsi alivyoikuta, akidhani ndivyo tunavyoandika sisi, na hakuna aliyewahi kusema neno.

"Kamba uliifunga upande mubaya, mutoto," alisema. "Lakini njo miye."